Nyegere Kwenye Makala Yetu

Nina hasira za karibu, wanafunzi wangu wanalijua hilo, na wakati nasoma shahada ya pili kwa likizo hasira zote ziliishia kwenye mafaili. Nilikuwa nafundisha baiolojia hapa Magamba, nje kidogo ya mji wa Mpanda, na profesa aliyenisimamia alikuwa chuoni kwake, mbali. Tulitumiana maandishi kwa barua pepe. Namtumia faili nimeliita "mwisho", ananirudishia "mwisho kabisa", namtumia "mwisho kabisa sasa", kumbe muda wote huo yeye anasahihisha lile la kwanza. Sura nzima ilipotea kwa mtindo huo. Nilikaa kwenye ofisi ya walimu nikalia, mtu mzima mwenye watoto watatu.

Kwa hiyo miaka kadhaa baadaye, mwalimu wetu wa kompyuta aliponiambia kuna programu ambayo watu hata kumi wanaandika kwenye ukurasa mmoja, kwa wakati mmoja, bila kutumiana kitu, nilimwangalia kama mtu anayeniuzia dawa ya meno stendi. Ni kijana wa Kapalamsenga, kule ziwani, lakini kwa maneno yake ungedhani kalelewa redioni Dar.

"Na hiyo ni bei gani?" nikamuuliza.

"Bure, Madam. Hii ni programu huria. Walioitengeneza wameiacha wazi, unaona mpaka matumbo yake. Ikikukera sehemu unairekebisha, halafu unawarushia na wao wapate."

"Watu wasionijua wanipe kitu bure. Wanataka nini?"

"Hawataki kitu. Wanataka itumike tu."

Sikumwamini, na sikumficha kwamba simwamini. Yeye akachukua kompyuta moja kuukuu ambayo shule ilikuwa imeshaikatia tamaa, akaiweka chini ya meza ya maabara juu ya matofali mawili, akaipandisha hiyo programu. Mtandao ukiwepo, mtu anaingia kutoka popote kwa simu yake. Mtandao ukikatika, sisi tulio shuleni tunaendelea kuandika kama vile hakuna kilichotokea, kwa sababu mashine ni yetu na iko pale pale.

Vitufe vyake vilikuwa vya Kiingereza. Kijana akaamua kuvitafsiri, na tukabishana wiki nzima kwenye chai ya saa nne, yeye na mimi, kuhusu kile kitufe cha kuandika jambo pembeni bila kugusa maandishi yenyewe. Yeye alitaka "maoni". Mimi nilitaka "dokezo". Nilishinda kwa sababu ya sauti, si kwa sababu ya hoja. Akawatumia wenye programu tafsiri yote, na baada ya siku mbili akajibiwa na mtu wa nchi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuikanyaga: asante, imeingia. Akanionyesha. Neno tulilobishania juu ya vikombe vya chai Magamba, sasa yeyote duniani anayeifungua kwa Kiswahili analikuta. Siku hiyo nilianza kuipenda ile mashine, na nikiri kwamba niliipenda kwa majivuno kwanza.

Halafu niliipenda kwa kumbukumbu yake. Kila mwandishi ana rangi yake, na juu ya ukurasa kuna mstari ambao ukiuvuta kurudi nyuma, maandishi yanarudi yalivyokuwa jana, mwezi uliopita, mpaka herufi ya kwanza kabisa. Hakuna "mwisho kabisa sasa". Hakuna anayeweza kuniambia hajafuta kitu wakati kafuta. Nilijiambia kwamba laiti ningekuwa nayo wakati ule nalia, nisingelia.

Makala tuliyoiandika humo ilianza na mzazi. Alikuja shuleni kwa ajili ya binti yake aliyekuwa kidato cha pili, ambaye somo langu lilikuwa linamchapa. Alikuwa mfugaji wa nyuki kutoka Ugalla, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, shati limenyooshwa pasi kali. Alinisikiliza nikimsema binti yake mpaka nikamaliza. Kisha akaelekeza kidole kwenye chati niliyoibandika ukutani, ya miti ya miombo na miezi yake ya maua, niliyoichora kwa mkono wangu na nikaipaka rangi.

"Mwalimu, huo mti wa mtundu umeuwekea maua mwezi wa kumi na mbili. Mwezi wa kumi na mbili maua yalishadondoka. Unachanua kabla mvua haijanyesha."

"Kitabu kinasema hivyo, mzazi."

"Basi aliyekiandika alichelewa kufika."

Nilikasirika. Lakini aliporudi mara ya pili alibeba kaunta buku mbili, zilizofungwa kwenye nailoni, na mwezi uliofuata akaleta nyingine. Alikuwa ameandika kwa zaidi ya miaka ishirini, kila alipokwenda kambini kwenye mizinga yake kando ya mto: mti gani umechanua, tarehe ngapi, nyuki wamejaa au wamehama, mvua ya kwanza imekuja lini. Mwandiko wa darasa la saba, umesimama wima kama askari. Nilisoma kurasa zile nimesimama mpaka kengele ikagonga, na kipindi nikachelewa. Vitu nilivyovisoma chuoni kwa kubahatisha, yeye alikuwa navyo kwa tarehe.

Ndani ya kaunta buku ya kwanza kulikuwa na karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Nikadhani ni risiti. Ilikuwa ukurasa wa makala, ya mgeni aliyepita kijijini kwao miaka ya nyuma, akapiga picha daftari hizi ukurasa kwa ukurasa, akashukuru, akaondoka. Karatasi ilimfikia mwenyewe kwa mzunguko mrefu. Alikuwa amepigia mstari maneno manne katikati ya shukrani za mwisho: mwenyeji mmoja wa Ugalla.

"Huyo mwenyeji ni mimi," akasema.

Nilipomwambia tuandike upya, kwa Kiswahili, kwenye jarida linalopokea Kiswahili, aliikunja ile karatasi tena mara nne. "Nitaandika na wewe. Ila mwalimu, nataka jina langu likae kule juu, na wenye makala. Sio kule chini kwenye ahsante." Nikamwahidi, na nilipomwahidi nilikuwa na uhakika na nafsi yangu.

Tukawa watatu. Profesa wangu wa zamani alikubali kuingia, kwa sababu alijua kupanga hesabu za takwimu na mimi sijui. Rangi yangu ilikuwa kijani, ya profesa buluu, ya mzazi njano. Mzazi alikuwa anaingia kwa simu akiwa amesimama juu ya kichuguu kimoja nyuma ya nyumba yake, ndipo mtandao unapokamata. Akiwa kambini haonekani wiki tatu, nne. Akija Mpanda kuuza nta anapitia shuleni, anakaa kwenye ile kompyuta ya matofali, anasoma polepole huku midomo inacheza.

Miezi ikapita nikaona jambo linaniudhi. Njano haikuwepo. Alikuwa ameandika aya moja fupi, mistari minne, kuhusu mtundu. Kwingine kote hakugusa. Badala yake pembeni kulikuwa na dokezo, na dokezo jingine, na jingine: "Hapa sio mwezi wa tatu, ni wa nne mwanzoni." "Nyuki hawaufuati mti huu mwaka wa mvua nyingi, angalia kaunta buku ya tano." "Mwalimu hapa umechanganya miti miwili." Kila dokezo lilikuwa sahihi. Mimi nilikuwa nalisoma, naandika alivyosema, kisha nabonyeza kwamba limeshughulikiwa nalo linajificha. Maneno yake yakawa yanaingia kwenye makala kwa kijani changu.

"Mzazi, kwa nini hufuti mwenyewe?" nikamuuliza siku aliyokuja. "Ukiona nimekosea, futa, andika lililo sawa."

"Pale ni kwako mwalimu. Pana rangi yako."

"Si nilikwambia kwenye simu ufute?"

"Kwenye simu." Akatabasamu kama mtu anayemwelewesha mtoto bila kumkwaza. "Kule kwetu kila mzinga umechongwa alama ya mwenyewe. Usio wako huugusi. Hata ukiukuta nyegere kaungusha, kaupasua, asali inamwagika, wewe unamtafuta mwenyewe unamwambia. Akitaka upande wewe, lazima aje asimame chini ya mti, aseme, panda. Sio kuagiza."

Nilicheka. Nikamwambia hizi ni herufi, hazina asali. Halafu nikaona ni rahisi zaidi niendelee kuandika mwenyewe, nina vidole vyepesi na sina subira. Neno moja tu lingetosha siku ile, na nisingekuwa na cha kuandika hapa.

Makala ilipokaribia kwenda jaridani, profesa alinipigia. Ilikuwa mchana, wanafunzi wako mpirani.

"Mwanangu, nimeifungua. Nzuri sana. Kijani ni wewe, buluu ni mimi. Huyu wa njano mbona ana mistari minne?"

"Ndiye mwenye daftari, Profesa."

"Mwenye taarifa anashukuriwa. Mwandishi ni aliyeandika. Wahakiki wakiuliza kafanya nini, utawaonyesha mistari minne? Mshushe kwenye shukrani, tusichelewe."

Si mtu mbaya. Alikuwa anahesabu kilichoko mbele ya macho yake, na mashine ile niliyokuwa nikiisifu kwake kila tukiongea ndiyo iliyomwonyesha hivyo. Ningeweza kumwambia habari ya madokezo. Lakini mwaka ule nilikuwa naomba nafasi ya shahada ya tatu, na barua ya kunipendekeza ilikuwa mikononi mwake. Nikasema ndiyo, Profesa.

Nilifanya siku hiyo hiyo. Nikafuta jina la mzazi kule juu, nikashuka chini nikaandika kwamba tunamshukuru pia mfugaji wa nyuki mwenyeji wa Ugalla kwa taarifa zake. Jina sikuliweka. Nilijidanganya kwamba nitamuuliza kwanza angependa aandikwe vipi, na kwamba nitamweleza akitoka kambini, uso kwa uso, kwa heshima. Nikafunga kompyuta nikaenda kusimamia usafi wa mazingira, nikawafokea watoto ambao hawakuwa na kosa.

Hakungoja nimweleze. Alitoka msituni, akapanda kichuguu chake, akafungua. Mimi nilikuta dokezo lake asubuhi ya pili, wakati wa mapumziko, walimu wenzangu wanagawana viazi. Lilikuwa limekaa pembeni ya sentensi yangu ya shukrani.

"Mwalimu, shikamoo. Huu mzinga ni wako, siugusi. Ila nyegere kaingia."

Yeye ndiye mkubwa. Mimi ndiye ninayempa shikamoo kila tukionana. Nilisoma mara moja tu, uso ukaniwaka moto, na mtu akaniuliza kama naumwa. Nilikuwa nimemfanya yule mtu awe "mwenyeji mmoja" kwa mara ya pili, na safari hii kwa rangi ya kijani.

Nilimfuata mwalimu wa kompyuta maabara, nikamweleza yote. Hakunicheka, ingawa nilistahili. Nilichomuuliza kwanza sikipendi mpaka leo. Nilimuuliza kama inawezekana kufuta ile kumbukumbu, pale nilipolitoa jina, isionekane kwamba ni mimi. Nilitaka nilirudishe kimyakimya, na siku ile iwe haikuwahi kuwepo.

"Inawezekana, Madam," akasema. "Mashine ni yetu, hakuna wa kumwomba ruhusa. Ila historia inafutwa yote kwa pamoja. Na yale madokezo yake yanaondoka nayo."

"Madokezo si nilishayafunga?"

"Ulifunga. Hayajafutika." Akabonyeza mahali ambapo mimi kwa miaka miwili sikuwahi kupabonyeza.

Yakashuka. Aliendelea kuyashusha na kidole, na yakaendelea kuja, kila moja na tarehe yake na saa yake: alfajiri, mchana, jioni, siku za juu ya kichuguu. Kijana akavuta ule mstari wa kumbukumbu sambamba nayo. Dokezo la njano linatokea. Baada ya muda mfupi, ndani ya makala, maneno yale yale yanatokea kwa kijani. Tena. Na tena. Nikaona kazi yetu inavyokua mbele yangu kuanzia herufi ya kwanza, na kila ilipochukua hatua ya maana, hatua ilianza na yeye. Mimi nilikuwa karani mwenye majivuno. Nilikaa pale nikaliangalia lile dude juu ya matofali, lililotengenezwa na watu wasiotaka kitu kwangu, na nikaliheshimu kuliko nilivyojiheshimu mimi.

"Tufute au tusifute?" kijana akauliza.

"Acha kila kitu kilivyo."

Nikamwandikia profesa. Nilimpa namna ya kuyafungua madokezo, nikamwambia aivute kumbukumbu taratibu, aone. Nikamwambia pia kwamba nililijua hili wakati ananipigia simu, na nilinyamaza kwa ajili ya barua yake. Nikautuma. Siku nne hakujibu. Siku ya tano ukaja ujumbe mfupi: "Nimeangalia yote, imenichukua jioni mbili. Nilisoma rangi, sikusoma kazi. Mrudishe juu. Awe wa kwanza, mimi wa mwisho." Barua ya kunipendekeza ilikuja wiki ile ile, bila neno la ziada, na nilishindwa kuifungua hadi kesho yake.

Kurudisha jina kulikuwa kazi ya dakika moja, na sikuifanya. Nilimpigia mzazi nikamwomba aje.

Alikuja Ijumaa na basi la asubuhi. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akauliza habari za watoto, akauliza binti yake anaendeleaje. Nikamwambia binti sasa anaongoza darasa, jambo ambalo lilikuwa kweli. Kisha nikamwambia lililobaki. Kwamba nilimtoa mimi, kwamba hakuna aliyenishika mkono, na kwamba naona aibu. Sikutumia maneno ya kuzunguka. Alisikiliza kama alivyonisikiliza siku ya kwanza nikimsema binti yake, mpaka nikamaliza.

"Nilijua ni wewe," akasema. "Pana rangi yako."

Tukaingia maabara. Mwalimu wa kompyuta akamvutia kiti. Mzazi akakaa, akashuka mpaka kwenye shukrani, akaikuta ile sentensi ya kijani, na mikono yake ikabaki magotini. Nikasimama nyuma ya kiti chake.

"Panda," nikasema.

Aligeuka akanitazama ahakikishe. Kisha akaifuta sentensi yangu, herufi moja moja, kwa kidole kimoja, hadi ikaisha. Akapanda juu, nafasi ya kwanza, akaandika jina lake lote, la kwake, la baba yake na la babu yake, kwa njano. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshasema neno lenyewe, hakuishia hapo. Alikaa mpaka saa tisa akiingia kwenye aya zangu, akinitoa ninapopayuka, na alasiri ile makala ilifupika na ikawa bora.

Jarida lenyewe nalo linaendeshwa kwa programu ya namna hiyo hiyo, iliyo wazi, na wahariri wake wanafanya kazi hiyo baada ya kazi zao. Makala yetu ilipokubaliwa, kila mwandishi alitumiwa ujumbe athibitishe kwamba jina ni lake. La kwake alilithibitisha juu ya kichuguu. Mtu yeyote anaweza kuisoma bila kulipa, na yeye aliisomea kambi nzima kwenye simu, ingawa naambiwa waliulizana zaidi kuhusu picha ya mzinga, ni wa nani.

Nilimchapishia nakala. Alipokuja kuichukua alileta kaunta buku ya kwanza, akaikunja makala mara nne, akaipima, akaona inatosha pale pale. Lakini kwanza akaitoa ile karatasi ya zamani, yenye maneno manne yaliyopigiwa mstari, akaninyooshea.

"Hii kaa nayo wewe, mwalimu."

Niliipokea kwa mikono miwili.